Barza, Mukeka na Rido: Namna Tulivyozuia Jua la Mangaribi

Katika vitabu kama hiki, wasomaji wamezoea kukuta habari za ndoa, za wafalme, za ngoma na za matanga. Sisi safari hii tumechagua jambo dogo zaidi: kile kitu ambacho watu wetu waliweka kati ya jua na chumba. Mutu anaweza kusema, je, hiyo nayo ni desturi? Tunajibu ndiyo. Nyumba ni kazi ya mikono ya watu, na kila dirisha lina historia yake.

Kila mwaka unapofika mwezi wa kumi, pale Lubumbashi, tunasikia maneno yale yale: "Chumba cha upande wa mangaribi hakilaliki." Jamaa wananunua rido. Joto halitoki. Wananunua ingine nzito zaidi, ya rangi ya damu ya muzee au ya buluu ya giza, na bado watoto wanatoka kulala kwenye sementi ya sebule. Kisha watu wanasema jua la siku hizi limekuwa kali kuliko la zamani. Ni kweli kwamba dunia inazidi kupata joto, wataalamu wamelipima. Lakini hiyo peke yake haielezi kwa nini katika muji mumoja, siku moja, saa moja, nyumba ya mwaka wa 1950 inakalika na nyumba ya mwaka jana inachoma. Sisi tunaona sababu kubwa ni hii: wazee wetu walizuia jua nje ya nyumba, na sisi tunajaribu kulizuia likiwa limekwisha kuingia.

Jua la saa kumi

Tuanze na jua lenyewe, maana aliyejenga bila kulijua amejenga kwa bahati. Lubumbashi iko kati ya digrii 11 na 12 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la saa sita halikai pahali pamoja mwaka muzima. Kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi mpaka katikati ya mwezi wa pili linapita kidogo upande wa kusini. Miezi mingine yote linapita upande wa kaskazini. Dirisha la kusini na dirisha la kaskazini yanapokezana. Lakini dirisha la mangaribi halina likizo. Mwaka muzima, mchana ukipita, jua linaligeukia.

Tena linakuja likiwa chini. Saa nane, wakati wa joto la mwezi wa kumi, jua bado liko juu, karibu digrii 60 kutoka ardhini. Paa likitokeza metre moja mbele ya ukuta, kivuli chake kinashuka zaidi ya metre moja na nusu, na dirisha la kawaida linafunikwa lote. Lakini saa kumi jua limeshuka karibu digrii 30, na paa lile lile linatoa kivuli cha sentimetre 58 tu. Nusu ya dirisha inabaki wazi, na mwangaza unaingia mpaka kitandani. Ndiyo maana tunasema jua la mangaribi halizuiwi na paa fupi. Linataka paa refu sana, ama kitu cha kusimama wima mbele yake: muti, mukeka, ukuta wenye matundu. Hesabu hii wazee hawakuiandika. Waliijua kwa kukaa.

Nyumba isiyo na dirisha

Nyumba nyingi za vijiji vyetu vya zamani, kwa Waluba, kwa Wabemba na kwa majirani wao, hazikuwa na dirisha la namna tunayoijua leo. Zilikuwa na mulango mumoja, kuta za fito na udongo, na paa la nyasi lililoshuka chini sana, mpaka mutu muzima alilazimika kuinama ili aingie. Wageni waliandika kwamba nyumba hizo ni za giza, wakahesabu giza lile kuwa ujinga. Hawakuuliza giza lile linafanya kazi gani.

Nyasi zilizopangwa nene zina hewa nyingi katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Upenu mrefu uliweka ukuta wote kivulini, kwa hiyo udongo haukupata nafasi ya kunywa jua la mchana na kulirudisha usiku. Moshi wa moto wa jioni ulipita katika nyasi na kufukuza wadudu. Tena kazi za mchana, kupika, kusuka, kutwanga, kupokea wageni, zilifanyika nje, chini ya muti ama chini ya upenu. Chumba kilikuwa cha kulala na cha kutunza vitu. Mutu ambaye mchana hayuko chumbani hahitaji dirisha kubwa.

Na palipohitajika kufunika, kulikuwa mukeka. Kando ya Lualaba, kwenye maziwa ya Upemba na ya Moero, matete na mafunjo hayakosi. Mukeka ule ule wa kulalia unaweza kusimamishwa mlangoni ukakata jua huku ukiacha upepo upite katika nafasi za matete. Tuangalie vizuri jambo hili, tutalirudilia: mukeka unazuia jua, hauzuii hewa.

Kutoka Kasongo: neno barza

Neno barza, ambalo leo Lubumbashi, Bukavu na Kindu wote wanalisema, halikuzaliwa kwetu. Lilipanda kutoka pwani pamoja na Kiswahili chenyewe, kwa njia ya misafara iliyofika Maniema katika karne ya 19. Pwani baraza ni kile kibao cha mawe ama cha udongo mbele ya nyumba, pahali pa kuketi na wageni bila kuwaingiza ndani. Wabeleji walilikuta neno hilo, wakaliingiza hata katika Kifaransa chao cha Kongo, wakaandika barza kwa maana ya veranda. Na kwetu lilibaki na maana zake mbili: pahali penye kivuli na mukutano wa wazee. Mwaka wa 1998, katika Kivu ya Kaskazini, wakuu wa makabila walipounda chombo cha kupatanisha watu wao, walikiita Barza Intercommunautaire. Kivuli na mashauri, kwetu ni neno moja.

Tuna ushuhuda wa namna watu wa Kasongo walivyokaa. Sidney Langford Hinde, daktari Muingereza aliyetumika katika jeshi la Leta ya Kongo ya Mfalme Leopold, aliingia Kasongo na jeshi hilo mwezi wa ine 1893, akatoa kitabu chake mwaka wa 1897. Anaeleza kwamba chumba alichojichukulia kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, na mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa. Tupime: ni karibu metre 24 kwa metre 4 na nusu. Chumba chembamba namna hiyo, chenye miti mlangoni, kinapata hewa, na jua linakutana kwanza na majani. Anataja pia mapazia ya hariri na ya kuzuia mbu. Lakini hayo yalikuwa ya vitanda. Kitambaa kilikuwa cha kitanda; kazi ya kuzuia jua ilikuwa ya ukuta na ya miti.

Hatusahau kwamba utajiri ule wa Kasongo na Nyangwe ulisimama juu ya migongo ya watumwa, na bustani zile zilimwagiliwa na watu waliotekwa katika vijiji vyetu. Tunachukua fundisho la ujenzi, hatusifu biashara. Lakini miembe mikubwa ambayo mpaka leo inaonekana katika miji ya Maniema inatukumbusha kwamba watu wale, popote walipokaa, walipanda kivuli.

Malata na kioo

Mwaka wa 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika pahali palipoanza kuitwa Elisabethville, na mwaka uliofuata, 1911, shaba ya kwanza ikayeyushwa. Reli ilichukua shaba, ikaleta malata na vioo. Vitu hivi viwili vilibadili nyumba zetu kuliko amri yoyote ya Leta.

Lata haishiki hewa kama nyasi. Jua likiligonga, linawaka na kurusha joto chini. Kioo nacho kina tabia yake: kinaruhusu mwangaza wa jua upite, lakini joto linalotoka katika vitu vilivyokwisha kupashwa, yaani sementi, kitanda, ukuta, hakiliruhusu kurudi nje kwa urahisi. Gari iliyofungwa na kuachwa juani inafundisha somo hili kila siku.

Wazungu wenyewe walilijua. Nyumba zao za kwanza walizizungushia barza pana, wakaweka persiene za mbao zinazokata jua na kupitisha upepo, na nyavu za chuma za kuzuia mbu. Wakapanda jacaranda kandokando ya barabara. Lakini katika kampi za wafanyakazi na katika cité, kama Kamalondo ambayo wakati ule iliitwa Albert, hesabu ilikuwa ingine. Nyumba zilipangwa mistari kwa mistari ili zilingane na barabara, si na jua. Aliyepewa nyumba inayoangalia mangaribi aliipokea hivyo hivyo. Dirisha lilikuwa dogo, na mara nyingi kifuniko chake kilikuwa ubao: ukifunga unapata giza na joto, ukifungua unapata jua.

Baada ya vita kuu ya pili mambo yalibadilika kidogo. Mwaka wa 1952 serikali ya kikoloni iliunda Office des Cités Africaines, watu wakaiita OCA, ikajenga maelfu ya nyumba katika miji mikubwa. Bagira ya Bukavu ni mutoto wake. Wajenzi wa miaka ile walikuwa wanafuata mawazo mapya ya nyumba za inchi za joto: ukuta wa matofali yenye matundu, tunaoita klostra, na mabamba ya sementi yanayosimama mbele ya dirisha. Mawazo haya yalipewa sifa ya kuwa ya kisasa kabisa. Lakini klostra inafanya nini? Inazuia jua, haizuii hewa. Ni kazi ya mukeka wa matete, umefanywa kwa sementi.

Rido kama cheti cha heshima

Sasa rido imeingia saa ngapi? Neno lenyewe linatuambia: pazia lilikuja na watu wa pwani, rido imekuja na Kifaransa. Katika miaka ya 1940 na 1950, foyers sociaux na shule za masista ziliwafundisha wamama kushona, kufuma na kupamba nyumba. Mwaka wa 1948 ikaja carte du mérite civique, na mwaka wa 1952 immatriculation. Aliyeomba kuhesabiwa kati ya évolués alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: namna anavyokula, vyombo vyake, namna mama wa nyumba anavyotunza sebule. Dirisha lenye kitambaa safi lilisema: hapa panakaa watu walioendelea.

Hatucheki wamama wale. Katika kampi ambapo nyumba zilisongamana na mukubwa wa kampi aliweza kupita wakati wowote, rido ilikuwa ukuta mwembamba wa siri ya nyumba. Ilikuwa heshima ambayo mutu aliweza kujishonea mwenyewe, hata kwa kikwembe kilichochakaa. Tunachosema ni hiki: tangu mwanzo rido ya sebuleni haikuchaguliwa kwa ajili ya jua. Ilichaguliwa kwa ajili ya macho: ya wanaopita nje na ya wanaoingia ndani. Mpaka leo, ukimusindikiza mama sokoni kununua rido, atauliza rangi, atauliza kama inalingana na viti. Mara chache atauliza dirisha linaangalia wapi.

Tulichopoteza

Zamani rido ilifanya kazi yake ya heshima huku barza, persiene na muti wa avoka vikifanya kazi ya jua. Kazi ziligawanywa. Katika miaka ya karibuni wale wasaidizi wameondoka mumoja mumoja.

Barza imefungwa kwa matofali ikawa chumba cha mutoto aliyeoa, ama duka dogo la kusaidia chakula, kwa kuwa mishahara ilianguka na lupango ililazimika kulisha watu wengi. Miti imekatwa ili kupata nafasi ya nyumba ya kupangisha. Na nje ya muji, pori limegeuka makala. Persiene za mbao zilioza. Vile vioo vya vipande vinavyolala, ambavyo wengi wanaviita nako, vilivyofungua karibu dirisha lote, vimeng'olewa kwa kuogopa wezi. Pahali pake yamekuja madirisha ya aliminiamu ya kusukuma, mapana, yanayong'aa. Yanapendeza. Lakini dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu, wakati kioo chake kinapokea jua lote. Na mbele yake hakuna kitu. Ndipo tunaiomba rido peke yake ifanye kazi ya watu wane.

Haiwezi. Jua likiisha kupita kioo, limeingia. Rido nzito ya rangi ya giza inalimeza, inakuwa ya moto yenyewe, na joto lile linapanda kati ya kitambaa na kioo na kumwagikia chumbani. Umeme ukikatika na ventilateri ikisimama, mama aliyezaa juzi, muzee mugonjwa wa moyo na mwanafunzi wa mitihani ndio wanaolipa. Jambo hili si la mapambo tena.

Namna ya kuchagua

Hatuandiki ili kulilia nyasi. Hakuna atakayerudi katika nyumba isiyo na dirisha, na mwangaza wa kusomea ni mali. Lakini historia hii inatupa utaratibu ambao kila jamaa linaweza kuufuata, tajiri ama maskini.

Kwanza, anza nje. Kwa chumba cha mangaribi, mukeka wa matete uliotundikwa nje ya dirisha, sentimetre chache mbele ya kioo, unashinda rido ya bei kubwa iliyo ndani. Usigusane na kioo, hewa ipite nyuma yake. Ufungwe kwa kamba ili asubuhi ukunjwe na saa nane ushushwe. Mwenye uwezo ajenge klostra ama aweke persiene. Mwenye nafasi apande muembe ama avoka upande wa mangaribi, si karibu ya musingi. Miaka michache tu, muti utafanya kazi bila mushahara. Anayengojea muti ukue apandishe mumea wa kutambaa juu ya fito.

Pili, chagua kitambaa ukijua kazi yake. Upande unaoangalia kioo uwe mweupe ama wa rangi nyepesi, ili urudishe mwangaza nje kabla haujageuka joto. Mama anayependa rangi ya giza kwa sababu ya viti aishonee kitambaa cheupe nyuma, kama bitambaa ya ndani ya koti. Macho yatapata yao na chumba kitapata chake. Rido ishuke chini ya dirisha na ipite pembeni, lakini usiifunge dirisha lote pamoja nayo: palipo na upepo, acha upenyo juu, maana joto linapanda.

Tatu, fuata saa. Rido si ya kufunga usiku na kufungua mchana tu, kama tulivyofundishwa. Chumba cha mangaribi kinafungwa kabla jua halijakigonga, yaani saa saba ama saa nane, na kinafunguliwa wazi jua likizama, ili usiku wa baridi uingie. Anayengoja mpaka aone joto ndipo afunge, amefungia joto ndani.

Ine, angalia inchi yako. Katika Katanga ya zamani, kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi hewa ni kavu, kwa hiyo kunyunyizia mukeka maji saa tisa kunapoza upepo unaopita ndani yake. Kisangani, ambako hewa imejaa maji mwaka karibu muzima, maji hayo hayatasaidia; pale shughuli ni kivuli na upepo tu. Bukavu kwenye milima, jua la mangaribi lenyewe mara ingine ni rafiki. Desturi ya pahali pamoja si sheria ya pahali pote.

Neno la mwisho

Wazee wanasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wetu ni huu: tumebakiza kitambaa, tumetupa akili iliyokuwa mbele yake. Wajengaji vijana wa Lubumbashi, wa Kolwezi na wa Kindu wana vifaa ambavyo babu zao hawakuviota, lakini wanachora dirisha bila kuuliza jua linazama wapi. Tunawaomba kitu kimoja. Kabla ya kuchimba musingi, mukae katika lupango ile siku moja, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili, pamoja na muzee mumoja wa jirani. Muangalie kivuli kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Kisha ndipo muchore nyumba. Rido mutanunua nyuma, kwa rangi muipendayo.